Mwaka wa kwanza chuo kikuu: nimepata 7 kwa 20 na daftari limejaa mapengo

Mtoto_wa_Kalemie
Wakubwa kwa wadogo, salamu kutoka Lubumbashi. Nimetoka Kalemie kuja kusoma sheria, mwaka wa kwanza wa lisansi, nami nakaa Ruashi kwa baba mdogo. Naomba ushauri kabla mambo hayajaniharibikia.

Sekondari nilikuwa miongoni mwa wa kwanza darasani. Huko mwalimu alitusomea nasi tukaandika, nukta kwa nukta. Hapa profesa anazungumza Kifaransa cha mbio kwa saa tatu mbele ya mamia ya watu, wala hamsubiri mtu. Jana usiku nilifungua daftari la utangulizi wa sheria nikakuta nimeandika «La règle de droit est générale et», kisha mstari mtupu, kisha nusu ya mfano ambao sikumbuki ulikuwa wa nini. Kurasa kumi na mbili ziko hivyo. Katika jaribio la kwanza nimepata 7 kwa 20.

Nyumbani nafika saa moja jioni, kwa kuwa kutoka chuo napanda teksi mbili na kubadilisha mjini, halafu kuna bukari (ugali) ya kusonga, vyombo na watoto. Nikija kukaa nisome, ama umeme umeshakatika ama usingizi umenishinda. Alama hizo sijamwambia baba mdogo. Yeye alisoma graduat, ngazi ya kwanza ya chuo katika mfumo wa zamani, na hachoki kunikumbusha kwamba enzi zao mwenye kuanguka alirudia mwaka mzima. Je, niombe fedha kwetu nipange chumba karibu na chuo, au tatizo ni mimi mwenyewe?

Wakili_wa_Kampemba
Mdogo wangu, tuanze na neno lililokukimbia: ni «impersonnelle». Maana yake kanuni ya sheria haimlengi fulani bin fulani, bali humhusu yeyote atakayejikuta katika hali iliyotajwa. Umeona pengo lenyewe lilivyokuwa dogo? Mengi ya mapengo yako yamejazwa tayari katika daftari la jirani yako, kwa sababu ni nadra watu wawili kupitwa na neno lilelile. Tafuta wenzako wawili, wala si kumi, mkae nusu saa mara tu somo linapokwisha, kabla ya kwenda kugombea teksi, mjaziane. Usiku usinakili tena. Funga daftari ujieleze somo kwa Kiswahili, kisha ulirudie kwa Kifaransa, maana mtihani hautakuuliza kwa Kiswahili. Mimi nilipoteza muhula mzima nikinakili kwa kalamu za rangi tatu. Daftari lilipendeza sana, kichwani hamkuwa na kitu.

Mama_Bel_Air
Binti yangu, nyumba yangu imepokea wanafunzi wanne wa ukoo, kwa hiyo nasema niliyoyaona. Usikimbilie chumba. Chumba kina kodi na garanti (amana ya mwenye nyumba), kina makaa na maji ya kuteka, na bukari utaisonga wewe huyohuyo. Zungumza kwanza na mama mdogo, kwa kuwa jikoni ndiye mwenye mamlaka, tena usimwendee na malalamiko, mwendee na ratiba iliyoandikwa: siku fulani nina jaribio, naomba usiku huo vyombo vinisubiri nivioshe alfajiri. Mimi sikujua kwamba mpwa wangu yuko katika mitihani mpaka nilipomkuta analia mbele ya mbabula (jiko la makaa), na kumbe kosa lilikuwa langu pia, kwani sikuwahi kumuuliza.

Mzee_wa_Kasapa
Kwa heshima zote kwa Mama, mimi namuunga mkono nusu tu. Teksi mbili kwenda na mbili kurudi, tena katika mvua hizi za kuanzia Novemba, zinakula nguvu ambazo hakuna ratiba ya jikoni itakayozirudisha. Nilikaa homu (mabweni) za chuo huko Kasapa, na kelele za usiku zilinizoeza kusoma saa kumi alfajiri, desturi ambayo ninayo hadi leo. (Ukipanda teksi, usimwambie dereva «Kasapa» tu; gereza nalo liko huko.) Maliza muhula huu hapo Ruashi, kisha upime.

Msaidizi_mmoja
Ninafundisha mazoezi ya mwaka wa kwanza, ingawa si katika kitivo chako. Baba mdogo wako anakutisha kwa mfumo aliousoma yeye: graduat miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili. Wewe uko katika LMD (Licence-Master-Doctorat), ambamo lisansi ni miaka mitatu yenye krediti 180, vipimo unavyopewa kwa kila somo ulilofaulu, yaani 60 kwa mwaka na 30 kwa muhula, na krediti ulizokwisha kupata hubaki zako. Hata hivyo usilale, kwa sababu somo uliloshindwa litakufuata mwaka ujao na kukaa juu ya masomo mapya. Nenda na karatasi ya jaribio kwa msaidizi wa somo lako. Mwanafunzi akiniambia «sielewi kitu», sina la kumjibu. Akiniwekea kidole kwenye mstari, tunaanzia hapo.

Mtoto_wa_Kalemie
Asanteni sana. Nimerudi baada ya siku tisa. Nilikwenda kwa msaidizi na karatasi yangu, na ilionekana kwamba katika swali la pili nilieleza vizuri kabisa jambo ambalo sikuulizwa. Mama mdogo ameibandika ratiba yangu kwenye mlango wa jiko, ila vyombo vya Jumapili amesema havina majadiliano. Baba mdogo nilimweleza habari ya krediti mara tatu. Alinyamaza, akaomba kalamu, akajumlisha mwenyewe 60 mara tatu, kisha akauliza hizo 7 nilizopata ziko wapi kati ya hizo 180.