Kupanga herufi za Kirumi wima "kama Kikorea": mmeharibu bango la mteja wangu na kulichapa upya hamtaki mpaka niwape hela nyingine!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna mama mmoja Mkorea anafungua mgahawa hapa Dar. Alinipa kazi ya kubuni bango la ubavuni, lile jembamba la kusimama, mita 3 kwa sentimita 60. Maneno mawili tu: 식당, linatamkwa "shiktang'", yaani mahali pa kula, na chini yake MGAHAWA. Nikachora, akapitisha, nikapeleka faili kwa wachapaji. Jana nimelikuta limeshapachikwa ukutani, nikaishiwa nguvu.

Neno 식당 lina vipande viwili. Kimoja kinakaa juu, kingine chini, basi. Hawa jamaa wamevipasua! Wameteremsha ㅅ, halafu ㅣ, halafu ㄱ, ㄷ, ㅏ, ㅇ, kila kimoja peke yake. Yule mama alisimama chini ya bango akawa anafuatisha kwa kidole, herufi moja moja, kisha akaniuliza kwa upole, "Hii ni nini?" Nilikosa la kumjibu.

Eti kompyuta yao haikuwa na fonti ya Kikorea, vikatoka visanduku vitupu, kijana akaokota herufi mtandaoni akazishusha "kama Wakorea wanavyoandika". Namba yangu ya simu ilikuwa juu kabisa ya faili. Kupiga tu ilishindikana?

Nimeishi Seoul miaka mitatu kimasomo, na Wakorea hawaandiki hivyo. Kinachopangwa wima ni silabi, si herufi. Mfalme Sejong wa Korea na wasomi wake walipotoa mwandiko huu mwaka 1446, ulikuwa wa kushuka toka juu, safu zikianzia kulia, na kila silabi ilikusanywa ndani ya mraba wake. Irabu ya kusimama kama ㅏ inakaa kulia kwa konsonanti, ya kulala kama ㅗ inakaa chini yake, na konsonanti ya kufunga inaingia chini kabisa. Tazameni ㄱ: ndani ya 가 mguu wake unapinda, ndani ya 고 inalala bapa, ndani ya 식 inabanwa chini. Kila herufi inabadili umbo ili ienee na wenzake. Konsonanti 19 za kuanzia, irabu 21, na nafasi 28 za mwisho (ikiwemo ya kuacha wazi) zinazaa silabi 11,172. Sasa wewe unachukua kitu kilichofumwa hivyo unakifumua ukutani kwa watu!

Hiyo ㅇ ya mwisho ndiyo ng' yetu ya ng'ombe. Fikirieni mtu aandike N, chini yake G, chini yake kialama, halafu akwambie soma.

Tena msiniambie Wakorea wenyewe walishawahi kutaka kutawanya herufi. Ndiyo, mwanzoni mwa karne ya 20 wanaisimu kama Ju Si-gyeong walipendekeza ziandikwe moja baada ya nyingine kwa mstari. Halikushika. Siku hizi vitabu na magazeti yao yanaandikwa kwa ulalo, gazeti la Hankyoreh limefanya hivyo tangu toleo la kwanza mwaka 1988, lakini silabi imebaki mrabani, ndiyo maana kwenye kuta za Seoul mabango ya kusimama yanasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara.

Tuje kwenye MGAHAWA. Mimi nililaza neno zima ubavu, kama jina linavyokaa kwenye mgongo wa kitabu. Wao wakalivunja, herufi saba zimepandana, "ili lifanane na la juu". Halifanani! Herufi ya Kirumi haina mraba. M na W zimetanuka, zile A zimechongoka juu, kingo zimekuwa kama meno yaliyong'oka. Herufi hizi zimezoea kusimama bega kwa bega juu ya mstari mmoja, na jicho linalikamata neno zima kwa mara moja. Ukizipandanisha unamlazimisha msomaji aendeleze herufi moja moja, na huyo yuko kwenye daladala inayopita. Kwa herufi ndogo ingekuwa balaa zaidi, mkia wa g ungemchoma a kichwani. Nakubali BAR au HOTEL kwenye taa za zamani za Marekani linasomeka, kwa sababu ni fupi na macho yamelizoea. Kiswahili chetu maneno ni marefu, halafu tuna CH, SH, NY, ambazo hazistahili kutenganishwa.

Nimeomba wachape upya. Jibu: "Imeshachapwa, bosi, lete hela nyingine." Faili ninalo, ujumbe wa kulituma ninao, picha ya bango ninayo. Wadau mliowahi kudai haki yenu kwa wachapaji, mlianzia wapi? Mgahawa unafunguliwa Jumamosi na sitaki yule mama apokee wageni chini ya kile kitu.