Amri inafika kwa askari ikiwa imebadilika: kamanda wa platuni afanye nini?

Luteni Mpya:
Ndugu zangu, nimekabidhiwa platuni hivi karibuni, na jambo linalonisumbua kuliko yote ni mawasiliano. Asubuhi natoa maelekezo kwa makoplo, yaani makamanda wa seksheni (vikundi vidogo vinavyounda platuni), lakini nikipita kwenye malindo jioni nakuta kila askari ana maelezo yake. Shida zao nazo nazisikia zikiwa zimekwisha kukomaa. Naomba mwenye uzoefu anieleze namna ya kulirekebisha hili bila kulegeza nidhamu.

Sajinimeja Mstaafu:
Afande, ukishatoa amri usimwulize koplo kama ameelewa, kwa sababu jeshini swali hilo lina jibu moja tu: "Ndiyo, afande." Mtake akurudishie amri kwa maneno yake mwenyewe: anakwenda wapi, nani yuko kulia kwake, atafanya nini redio ikikatika. Hapo ndipo utakapogundua kwamba ulisema saa kumi ukikusudia alfajiri, naye akaandika 1000, ambayo kwa saa za jeshi ni saa nne asubuhi. Kosa hilo moja linaweza kuiacha doria nje bila msaada.

Msomaji wa Historia:
Naunga mkono, ila pamoja na saa na mahali, askari aelezwe pia kusudi la amri. Katika mapigano ya Balaclava, kwenye Vita vya Krimea, tarehe 25 Oktoba 1854, Lord Raglan, kamanda mkuu wa Waingereza, akiwa juu kilimani aliagiza wapandafarasi wake wawazuie Warusi wasiondoe mizinga. Yeye aliiona mizinga aliyoikusudia. Lord Lucan, mkuu wa wapandafarasi hao, aliyekuwa chini, hakuiona. Alipouliza ni mizinga ipi, Kapteni Nolan, aliyeleta ujumbe, alinyoosha mkono tu kuelekea bondeni. Wapandafarasi zaidi ya 600 wakashambulia mizinga isiyokusudiwa, na zaidi ya 100 wakauawa, Nolan akiwa miongoni mwa wa kwanza. Kabla ya kutoa amri, jiulize anayeipokea anaona nini pale alipo.

Mkazi wa Lugalo:
Mmezungumzia amri zinazoshuka, lakini mimi naona hatari kubwa zaidi iko kwenye habari zisizopanda. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakawakamata maofisa wao Waingereza. Walilalamikia mishahara midogo na uongozi wa jeshi kuendelea kushikwa na Waingereza zaidi ya miaka miwili baada ya Uhuru. Maasi yakafika Tabora, na tarehe 25 yakazimwa na askari wa Uingereza walioletwa kwa manowari. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Uasi hauna utetezi, lakini manung'uniko ya namna ile hayazaliwi kwa usiku mmoja.

Luteni Mpya:
Nawashukuru sana. Mzee wangu Sajinimeja, nikianza kuwasikiliza askari moja kwa moja, je, makoplo hawataona nimewavua madaraka?

Sajinimeja Mstaafu:
Wataona hivyo iwapo utaamua papo hapo. Msikilize askari kwenye lindo lake, kisha mwite koplo wake mzungumze, na jibu limfikie askari kupitia kwa koplo huyo. Na jibu lirudi hata kama ni la kukataa, pamoja na sababu yake, kwa maana askari aliyeleta shida mara mbili bila kujibiwa hataileta mara ya tatu.