Nimeongeza picha kwenye DVD-R, mafaili ya mwanzo hayaonekani tena, ndo yamefutika?

mwanaukoo aliuliza:

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana tangu jana sijatulia kabisa. Nina DVD-R moja niliichoma mwaka jana, ndani kuna rekodi za sauti za marehemu babu yangu akisimulia ukoo wetu, nani kamzaa nani, nani alihama na kwa nini, rekodi 41, pamoja na picha za zamani nilizoskani moja moja, jumla ilikuwa kama GB 1.3. Laptopu niliyotumia wakati ule ilikufa na hadi diski yake, kwa hiyo hiyo DVD ndo nakala pekee iliyobaki duniani.

Jana nikapata picha nyingine kwa shangazi nikasema ngoja niziongeze humo humo maana nafasi bado ipo. Nikafungua programu ya kuchoma (siyo ile ya mwaka jana, ni nyingine), nikaburuta picha mpya, ikaniambia diski siyo tupu unataka kuendelea, nikabonyeza ndiyo. Ikachoma vizuri tu mpaka mwisho haikuleta kosa lolote. Kuifungua naona folda ya picha mpya peke yake, MB 310, folda ya babu haipo!! Nimetoa diski nimerudisha, nimejaribu kwenye kompyuta nyingine, hivyo hivyo.

Kitu kimoja kinanipa matumaini kidogo, programu inasema nafasi iliyobaki ni GB 2.7 hivi. Kama mafaili ya babu yamefutika si ingebaki zaidi? Nisaidieni jamani, nipo tayari kufanya chochote.

JiweLaPembe:

Pole sana dada. Iliwahi kunikuta kwenye CD nikaona hakuna namna. Fomati tu diski uanze upya na hizo picha mpya, za zamani ndo hivyo tena.

fundi_leza:

@mwanaukoo usifomati, usichome kitu kingine chochote humo, na ikiwezekana itoe kabisa kwenye draivu mpaka umalize kusoma hapa. Rekodi za babu yako zipo.

@JiweLaPembe naomba tuwe makini kidogo hapa, DVD-R haifutiki. Ile R maana yake inaandikwa mara moja basi, leza inapiga ile tabaka ya rangi iliyo ndani ya diski na sehemu ikishapigwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Zinazofutika ni zile za RW, zenyewe unaweza kufuta na kuandika tena karibu mara 1000. Na CD yako ya zamani kama hujaitupa kuna uwezekano mkubwa vitu vyako vimo mpaka leo.

Sasa dada, kilichotokea ni hiki. Ukichoma diski mara ya kwanza bila kuifunga moja kwa moja, kile ulichoandika kinaitwa sesheni. Ukiongeza kesho inakuwa sesheni ya pili, inaanzia pale ya kwanza ilipoishia kwenda nje. Kila sesheni inakuja na orodha yake ya mafaili, na kompyuta ukiiwekea diski inakimbilia orodha ya MWISHO, za nyuma yake haihangaiki nazo. Programu ikifanya kazi yake vizuri, kabla ya kuongeza inasoma kwanza orodha ya zamani, halafu orodha mpya inayoandika inataja vitu vyote, vya zamani na vipya. Hiyo ndo kuingiza sesheni iliyopita. Programu yako haikuingiza, ikaandika orodha yenye picha za shangazi peke yake, basi folda ya babu ikabaki palepale ilipokuwa ila hakuna anayeitaja.

Umeuliza swali zuri sana kuhusu nafasi. Diski ya GB 4.7 kompyuta inaionyesha kama 4.37 kwa sababu ya namna inavyohesabu. Toa 2.7 uliyobakiza unapata kama 1.67, na hiyo ni 1.3 ya babu, 0.3 ya picha mpya na kidogo kinacholiwa na mipaka ya sesheni. Hesabu imekaa.

Fanya kitu kimoja, ishike diski ukiwa umegeuza upande wa chini, iinamishe inamishe kwenye mwanga wa dirishani. Sehemu iliyochomwa inakuwa na rangi tofauti kidogo na ambayo haijachomwa. Niambie unaona nini.

Halafu kama unatumia Windows tafuta programu inaitwa IsoBuster. Ukiifungua inakuonyesha upande wa kushoto sesheni moja moja, Sesheni 1, Sesheni 2, kila moja na mafaili yake. Baadhi ya kazi zake zinataka laiseni ila kuangalia kilichomo hakuhitaji kulipa. Fungua Sesheni 1, chagua folda, toa kwenda kwenye hadi diski. Usitoe kwenda kwenye flashi tu, weka kwenye kompyuta kwanza.

mwanaukoo:

Nimeona!! Yaani nimesimama dirishani mikono inatetemeka. Katikati karibu na tundu kuna duara pana lenye weusi kidogo, linaishia kwenye mstari mwembamba kabisa kama uzi, halafu baada ya huo uzi kuna duara lingine jembamba, halafu sehemu kubwa ya nje imebaki inang'aa sawasawa. Ina maana lile pana ndo babu?

fundi_leza:

Ndo yeye. Diski inaandikwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo cha kwanza kiko ndani, na ule uzi ndo mpaka wa sesheni mbili.

penguini_mweusi:

Naongezea kwa wanaotumia Linux maana hapo hata programu ya ziada huhitaji sana. Kwanza angalia sesheni ziko ngapi:

xorriso -indev /dev/sr0 -toc

Itakupangia zote na sekta (vile vipande vidogo vya data ambavyo diski imegawanywa) ambayo kila moja inaanzia. Ya kwanza kwenye DVD-R inaanzia sekta 0, kwa hiyo unaipandisha hivi:

sudo mount -t iso9660 -o ro,sbsector=0 /dev/sr0 /mnt

Ukifungua /mnt unakuta mafaili ya zamani kana kwamba sesheni ya pili haijawahi kuwepo, unakopi kama kawaida. Hiyo ro maana yake kusoma tu, na diski kama hii hakuna haja ya kutaka zaidi ya hapo.

Na kuhusu chanzo cha tatizo, ni vizuri mtu ajue programu yake inafanyaje kabla ya kubonyeza. K3b ina sehemu ya sesheni nyingi, unachagua kuanza, kuendelea au kumalizia, ukichagua kuendelea inasoma ya zamani. CDBurnerXP nayo inaendeleza diski. ImgBurn ni nzuri mno kwa kuchoma na kuhakiki ila sesheni nyingi haifanyi kabisa, ukiitumia panga kila kitu uchome mara moja. Kipimo changu mimi ni rahisi, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchoma lazima nione mafaili ya zamani kwenye dirisha la programu pamoja na mapya, mara nyingi yanakuwa na rangi iliyofifia, nisipoyaona nafunga programu siendelei.

mwanaukoo:

Wakuu nimerudi. Sesheni 1 imefunguka, folda ya babu nimeiona kwa macho yangu, nimekopi picha zote na rekodi 40. Rekodi moja imegoma, namba 17, inafika kama nusu draivu inaanza kulia inazunguka inapunguza inazunguka tena halafu inaleta kosa la kusoma. Na kwa bahati mbaya hiyo 17 ndo anamtaja mama yake mzazi, hakuna sehemu nyingine alipomtaja. Diski nimeiangalia ina alama ndogo ya mkwaruzo na vidole.

mtunza_kumbukumbu:

Pole dada na hongera kwa hizo 40. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kuhamisha vitu kutoka diski za zamani kwa hiyo hiyo hali naijua.

Kwanza isafishe. Kitambaa laini kisicho na nyuzi, kiloweshe kidogo sana kwa maji safi, futa kwa mstari ulionyooka kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, USIZUNGUSHE. Data imepangwa kwa kuzunguka, ukifuta kwa kuzunguka na ukaacha mkwaruzo unakuwa umefuata njia ya data na kuharibu kipande kirefu mfululizo, ila mkwaruzo unaokatiza njia unagusa kidogo kidogo na draivu ina uwezo wa kurekebisha makosa mafupi ya namna hiyo. Iache ikauke kabisa.

Pili, jaribu draivu nyingine, hasa ile nene ya kompyuta ya mezani kama ipo. Draivu mbili hazisomi sawa, nimeona diski iliyokataa kabisa sehemu moja ikasomeka mwanzo mwisho kwenye nyingine.

Tatu, badala ya kulazimisha kukopi faili, vuta diski nzima iwe faili moja la ISO, yaani nakala kamili ya diski, kwa ddrescue, programu ya Linux ya kuokoa data:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 babu.iso babu.map
ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 babu.iso babu.map

Mstari wa kwanza unachukua kila kinachosomeka kirahisi, wa pili unarudia palipogoma mara tatu. Uzuri wake uko kwenye lile faili la map, linakumbuka sekta zipi zimepatikana na zipi bado, kwa hiyo unahamisha diski kwenye draivu nyingine, unarudia amri ileile na faili zilezile, inahangaika na mapengo tu. Draivu ya kwanza ikikosa sekta kumi na ya pili ikapata nane, unabaki na mbili. Na kwa sauti sekta mbili za baiti 2048 ni mkato mdogo ambao unaweza hata usiusikie.

DekiYangu:

Samahani naingilia, mimi nina diski inafunguka kwenye kompyuta yangu tu, nikiweka kwenye deki inasema hakuna diski. Ni hiyo hiyo habari ya sesheni?

fundi_leza:

@DekiYangu inawezekana ilichomwa kwa ile namna ya Windows ya kuitumia diski kama flashi, unaburuta na kudilete. Deki nyingi haziielewi. Na kwenye diski za R ile kudilete inaficha jina tu, nafasi hairudi. Pia inawezekana haijafungwa. Rudi kwenye kompyuta iliyoichoma, bonyeza kulia kwenye draivu utafute sehemu ya kufunga sesheni, ikigoma bado kopi vitu vyako uchome upya kwa namna ile nyingine ya kuchoma kwa ajili ya deki.

mwanaukoo:

Nimesafisha kama ulivyosema. Binamu yangu ana Linux kwenye kompyuta ya mezani, tumekaa naye tangu saa mbili usiku. Draivu yangu ya kuchomeka kwa USB iliacha mapengo, tukahamishia diski kwenye draivu yake, tukarudia ile amri ya pili, tukabaki tunaangalia namba zinashuka. Saa nne kasoro ikaandika imemaliza, kosa sifuri. Rekodi 17 tumeisikiliza yote dakika 23, jina la mama yake babu ni lile lile ambalo mdogo wangu alimpa binti yake bila kujua.

Sasa naombeni ushauri wa mwisho, nichome vipi safari hii?

mtunza_kumbukumbu:

Nimefurahi kweli kweli.

Kwanza usiongeze tena kidogo kidogo. Kusanya vyote, vya babu na vya shangazi, choma mara moja na ufunge diski. Kila sesheni ni gharama pia, kwenye CD ya MB 700 sesheni ya kwanza inakula kama MB 22 za mipaka na kila inayofuata kama 13. Chagua UDF (mfumo mpya zaidi wa kupanga mafaili kwenye diski) kama una faili linalozidi GB 4, mfumo wa zamani wa ISO 9660 unasumbua hapo, na majina marefu nayo yanakatwa, hata Joliet, ile nyongeza yake ya majina marefu, inaishia herufi 64. Mimi nachoma kwa kasi ya 4x au 8x, sina haraka, kwa 8x hata DVD ikijaa ni kama dakika 8 tu. Na hakikisha umeweka tiki kwenye kuhakiki baada ya kuchoma, wengi wanaitoa kwa sababu inachelewesha lakini ndo sehemu pekee inayokwambia kilichoandikwa kinasomeka.

Tengeneza nakala mbili kwenye diski za kampuni tofauti, moja akae nayo ndugu mwingine, na nakala ya tatu kwenye hadi diski. Weka humo faili la maandishi lenye orodha ya kila rekodi na anayezungumziwa, halafu orodha hiyo hiyo ibaki kwenye kompyuta ili usilazimike kuingiza diski kutafuta kitu. Kama una diski nyingi kuna programu ya bure inaitwa Virtual Volumes View inakuwekea orodha za diski zote sehemu moja.

Juu ya diski andika kwa kalamu laini ya wino maalumu wa diski, kalamu ya kawaida ya ncha ngumu hapana. Kwenye CD tabaka inayoakisi leza iko juu kabisa chini ya lebo, ukiikwaruza hapo umeharibu zaidi kuliko kukwaruza chini. DVD ina nafuu, tabaka iko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6. Zihifadhi zimesimama kwenye kasha, mbali na jua, mwanga unaichosha ile rangi.

mwanaukoo:

Zimeiva mbili, zote zimehakikiwa. Moja inaenda kwa shangazi Jumamosi. Ile ya zamani nimeirudisha kwenye kasha lake, siichomi tena wala siitupi.