Mpango wa manunuzi barabara ya kijijini, tenda moja au loti?

Wakuu habari, tuna pesa ya serikali ya kutengeneza barabara ya kijijini, kwenye mpango wa manunuzi tuweke tenda moja au tugawe loti, yaani vipande vya kazi, ili makandarasi wadogo nao wapate?

– Kugawa loti poa ila zitangazwe pamoja, ukikatakata ili kila kipande kikwepe tenda ya wazi hapo wakaguzi watakushukia.

– Mi ningeanza na mvua halafu nihesabu kurudi nyuma, makalvati na mitaro iishe kabla hazijaanza, hapo katikati kuna kutangaza, tathmini, kusaini, na muda wa rufaa kwa waliokosa tenda, ambao wengi hawauweki kabisa aisee

– Msimamizi apatikane kabla mkandarasi hajaingia saiti, la sivyo nani atapima changarawe ikishindiliwa?