Mjadala: Mgambo ni jeshi la akiba la taifa au ni askari wa ushuru wa halmashauri?

Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu. Naleta hoja hii nikiwa na msimamo tayari, ila uwanja uko wazi kwa anayeona tofauti.

Nasema hivi: mgambo aondolewe kwenye kukusanya ushuru, kubomoa vibanda na kukimbizana na machinga. Arudishwe kwenye kazi aliyoundiwa, yaani kuwa askari wa akiba wa nchi hii. Halmashauri inayotaka watu wa kusimamia sheria ndogo zake iwaajiri kwa mkataba, iwafundishe kazi hiyo, na iwape sare nyingine.

Vijana wengi humu wanamjua mgambo kwa rungu tu, kwa hiyo nianze na tulikotoka. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, ambayo leo ndiyo Lugalo. Nchi ina miaka miwili tu ya uhuru, na serikali ikalazimika kuomba wanajeshi wa Uingereza, mkoloni wa juzi, waje kuzima uasi. Aibu ile iliwauma sana viongozi wetu. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwaka 1965 ikaja Sheria ya Jeshi la Akiba. Novemba 1970 Wareno wakaivamia Guinea ya Sékou Touré kutokea baharini, miezi miwili baadaye Idi Amin akampindua Obote hapo jirani Uganda, na Februari 1971 chama tawala TANU kikatoa Mwongozo, ambao ulitaka wananchi wenyewe wafundishwe kulinda nchi yao. Haikuwa nadharia. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, walikuwapo Wareno haohao, na vijiji vya mpakani vililima huku vikilinda.

Halafu ikaja sheria ya 1975 iliyompa mgambo mamlaka ya kupekua na kukamata kama konstebo wa polisi. Sisemi ilitungwa kwa nia mbaya. Ila kwa maoni yangu hapo ndipo mgambo alipoanza kutumikia mabwana wawili, jeshi upande mmoja na ofisi ya mtendaji upande mwingine. Leo huyu wa pili ndiye anayemtumia kila siku, na yule wa kwanza anamkumbuka siku ya kufunga mafunzo.

Karibuni.

Mchangiaji, Misenyi

Umegusa penyewe, ndugu yangu. Mimi nimezaliwa huku Kagera, na huku mgambo ni baba zetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia, yakachukua eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, wakatangaza ni la Uganda. Novemba 3 wakalilipua daraja la Kyaka. Waliokuwa ng'ambo walikimbia na watoto mgongoni, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, nyumba zikang'olewa mpaka mabati.

Mzee wangu alikuwa mkulima wa migomba mwenye mafunzo ya mgambo. Mwalimu Nyerere alipohutubia taifa yale maneno ya uwezo, sababu na nia, mzee hakuandikiwa barua. Balozi wa nyumba kumi alipita, akataja majina, wakaenda kukusanyika kwenye uwanja wa shule. Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameagiza mikoa yote itoe watu na magari, kwa hiyo waliondoka na lori la mtu wa mbao. Jeshi lililokuwa na watu kama 40,000 lilivuka 150,000 kwa miezi michache, na takriban 40,000 kati ya hao walikuwa mgambo. Nchi maskini isingeweza kuwalipa mshahara watu wote hao miaka yote ikisubiri vita. Iliwaacha shambani, ikawaita ilipowahitaji. Hiyo ndiyo maana ya akiba.

Anayebisha aende Kaboya, Muleba, asimame kwenye makaburi ya mashujaa.

Mchangiaji, mtumishi wa halmashauri

Naomba kutofautiana nanyi, na nitasema wazi kwa sababu kazi hii naifanya.

Kwanza, vita ya Kagera iliisha 1979. Huwezi kuweka maelfu ya vijana waliofundishwa, kila mwaka, kila wilaya, wakae wanasubiri Amin mwingine. Wana nguvu, wana nidhamu, wana mafunzo, na sheria imewapa mamlaka ya kukamata. Halmashauri kutowatumia ni upotevu.

Pili, mapato. Mnataka zahanati, mnataka madawati, mnataka barabara ya kata ipitike masika. Ukimpeleka karani peke yake na mashine ya POS gulioni, wapo watakaolipa na wapo watakaomtukana na kumsukuma. Akiwa na mgambo wawili pembeni, kazi inakwenda. Kuajiri askari kwa mkataba ni ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, ni kibali cha utumishi, ni bajeti. Halmashauri za vijijini hazina hiyo fedha.

Tatu, hao mgambo wa vita mnaowapamba sana, wengine walitupa silaha wakakimbia pale Lukaya, Uganda. Historia isemwe yote.

Mchangiaji, mhitimu wa mafunzo

Mkuu wa halmashauri, shikamoo. Mimi ni huyo kijana wako mwenye nguvu na nidhamu.

Nilikaa miezi minne kwenye mafunzo. Saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani na mchakamchaka. Tukafundishwa kwata, silaha, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza. Siku kadhaa wakaja polisi, uhamiaji na TAKUKURU, kila mmoja na somo lake. Buti nilinunua mwenyewe, sare nilishonesha mwenyewe, chakula tulichangishana. Siku ya kufunga tukapiga gwaride mbele ya mkuu wa wilaya, tukaapa, tukaambiwa sisi ni jeshi la akiba. Nililia siku ile, sikuona haya.

Baada ya hapo hakuna aliyenitafuta isipokuwa ofisi ya kata. Naitwa asubuhi, naambiwa leo kuna operesheni. Nikiuliza ni ya nini naambiwa utajua hukohuko. Posho ni ya siku, ikipatikana. Mwenzangu alipigwa jiwe la jicho kwenye operesheni ya kuondoa wafanyabiashara. Akaambiwa yeye ni mtu wa kujitolea, si mwajiriwa, kwa hiyo hana fidia. Matibabu tulichanga sisi kwa sisi.

Na yule mama niliyemnyang'anya sinia la ndizi ni jirani wa shangazi yangu. Sikufundishwa namna ya kufanya kazi ile. Nilifundishwa kumkabili adui.

Mchangiaji, Eldoret

Ndugu zetu wa Tanzania, hapa Kenya tunao polisi wa akiba, zamani wakiitwa KPR (Kenya Police Reserve), sasa NPR (National Police Reserve). Kule Turkana, Baringo na Samburu ndio waliokuwa wakisimama kati ya wezi wa mifugo na boma, maana kituo cha polisi kiko mbali mno. Serikali iliwapa bunduki na risasi, mshahara haikuwapa. Mtu ana silaha ya serikali na watoto wake wanalala njaa. Mwaka 2019 wengi wakapokonywa bunduki, ikisemwa zinatumiwa vibaya, na kwa kweli baadhi zilitumiwa vibaya. Ila majangili hawakupokonywa zao kwa kiwango hichohicho. Kufikia 2023 ikabidi jeshi lipelekwe katika Operesheni Maliza Uhalifu, na serikali ikarudi tena kuandikisha polisi wa akiba.

Langu ni moja: usimpe mtu mamlaka ya dola bila kumlipa. Atatafuta namna ya kujilipa.

Mchangiaji, Kivu

Miye ninawasoma kutoka Kivu. Ninyi munagombana juu ya mgambo asiyekuwa na bunduki. Huku kwetu bunduki zilitangulia, sheria ikafuata. Mwaka 2023 serikali ya Kinshasa ilitunga sheria ya jeshi la akiba la ulinzi, na Wazalendo wengi, wapiganaji wa kujitolea wa huku, wakahesabiwa humo. Wengi wao walikwenda mbele kwa moyo, wamekufa kwa ajili ya udongo wao, siwezi kuwatukana. Lakini hawakupita kambi moja, hawana mkubwa mmoja, na hawalipwi. Vizuizi vya barabarani vikawa ndiyo mshahara. Mama anayebeba makala (mkaa) analipa hapa, mbele kidogo analipa tena. Musiache watu wenu wafike pale.

Mleta mada

Asanteni. Mtumishi wa halmashauri ametaja Lukaya, na ninashukuru ameitaja, kwa sababu Lukaya ndiyo hoja yangu yenyewe.

Machi 1979 jeshi letu lilikuwa limeshachukua Masaka na linaelekea Kampala. Brigedi ya 201, chini ya Brigedia Imran Kombe, ndiyo iliyotumwa kuushika mji mdogo wa Lukaya, ambako barabara inapita katikati ya kinamasi. Brigedi ile ilikuwa karibu yote ni mgambo, na wengi hawakuwa wamewahi kupigana vita. Jioni ya Machi 10 Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakafyatua makombora ya Katyusha. Yalipita juu ya vichwa na kuangukia nyuma, lakini mlio na moto ule ulitosha. Watu waliozoea jembe walivunja mstari wakatawanyika gizani. Hilo ni kweli na sitalificha.

Sasa tazama kilichofuata. Usiku uleule Jenerali David Musuguri aliagiza brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa izunguke ipige kutokea kaskazini-magharibi. Na 201? Haikuvunjwa, haikurudishwa nyumbani. Maofisa waliwakusanya mgambo wale, wakawapanga upya, na alfajiri ya Machi 11 haohao waliokimbia jana wakashambulia kutokea mbele. Walibya wapatao 200 walikufa pale. Mwezi mmoja baadaye kamili, Aprili 11, Kampala ikaanguka.

Mgambo wa Lukaya hakuwa shujaa kwa kuzaliwa. Alikuwa na ofisa wa kumrudisha mstarini. Alikuwa na amri inayoeleweka, kikosi kinachomjua jina, na mtu wa kuwajibika kwa makosa yake. Huyu wetu wa gulioni hana hata kimoja. Anaamriwa na mtendaji mwenye lengo la makusanyo la mwezi, si ofisa wa jeshi. Akizidisha nguvu, jeshi linasema hatukumtuma, halmashauri inasema si mwajiriwa wetu. Akiumizwa, jibu ni hilohilo, kama alivyotueleza kijana hapo juu. Mlishaona askari wa namna hiyo?

Kuhusu ikama na bajeti, mkuu, nakuelewa, si jambo dogo. Ila gharama ipo tayari, mmemsukumia tu asiyeweza kusema. Analipa kijana kwa jicho lake, analipa mama kwa sinia lake. Na ipo gharama nyingine haionekani kwenye vitabu: mwananchi ameanza kuichukia sare ya mgambo. Siku nchi ikiita watu tena, kijana gani mwenye akili atakwenda kuivaa? Mafunzo ya hiari yanategemea heshima, maana fedha haipo. Heshima ikiisha tumebaki na wale waliokosa pa kwenda.

Mchangiaji, Shinyanga

Niongeze kidogo. Baada ya vita ya Kagera watu walirudi, silaha nyingine zikarudi nao kwa njia za panya, na huku usukumani wizi wa ng'ombe ukawa wa bunduki. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wakaunda sungusungu, vikundi vyao vya ulinzi wa kijiji, na 1989 serikali ikarekebisha sheria za mgambo ili kuwatambua. Kwa hiyo mgambo kufanya kazi za ulinzi wa raia si jambo la kulaumu moja kwa moja. Kijiji kisicho na polisi kinalindwa na nani? Mimi naunga mkono atolewe kwenye ushuru, siungi mkono atolewe kwenye ulinzi wa usiku, moto, mafuriko na kumtafuta mtoto aliyepotea.

Mleta mada

Mkuu wa Shinyanga, hapo tuko pamoja, na narekebisha hoja yangu isomeke hivyo. Maafa na ulinzi wa kijiji abaki, kwa amri ya mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye ni mwanajeshi, na jina la kila aliyetoka liandikwe. Fedha, sinia na kibanda cha mtu, hapana.

Mchangiaji, mtumishi wa halmashauri

Kwenye fidia nimeelewa, hilo halina utetezi. Kwenye ushuru bado sijashawishika. Nionyesheni halmashauri ya kijijini itakayolipa mikataba hata ya askari kumi bila kugusa dawa.

Mleta mada

Swali la haki. Tuanze na takwimu badala ya kubishana kwa hisia. Aliye karibu na ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya yake aulize mambo matatu: rejista ya wahitimu ipo na imehuishwa lini, mara ya mwisho waliitwa kunolewa upya mwaka gani, na wangapi mwaka huu wametumwa kwenye operesheni za mapato. Na wewe mkuu wa halmashauri tuletee upande wako: posho za mgambo kwa mwaka ni shilingi ngapi, na zinaingizwa kifungu gani. Tukishaweka hizo namba humu ndipo tutajua kama mikataba kumi inagusa dawa au haigusi.