Mawakala wa mizigo, meli kutia nanga SIYO mzigo kufika ghalani!

Kamwene wakuu.

Nimechoka na leo nasema. Vikapu vyetu, kazi ya mikono ya akina mama wa Kalenga na Ifunda, Iringa, vimepokelewa kwenye ghala la Amazon, lile soko la mtandaoni, kule Marekani wiki iliyopita. Wiki iliyopita! Krismasi imeshapita, watu wameshanunua zawadi zao kwingine. Mzigo wa msimu ukiingia Januari unamuuzia nani?

Wakala wetu wa Dar tulimkabidhi mzigo mwezi wa saba. Tukamwandikia bila kuficha kitu: lazima upokelewe ghalani Oktoba, ukichelewa hapo hauwahi ile Ijumaa ya mapunguzo (Black Friday) ya mwishoni mwa Novemba. Jibu lake: "Hamna shida dada, mtawahi."

Lori lilishuka mlima Kitonga salama, likafika Dar bila tatizo. Mzigo ukaenda kulala kwake. Eti kontena la kuchangia halijajaa. Agosti nzima halijajaa! Binamu yangu akapita godauni kwake kuchungulia, akanitumia picha. Katoni zimelazwa sakafuni, kona zimebonyea, na juu ya lebo za msimbopau wamepitisha selotepu ya kahawia. Wakuu, lebo zile ndizo mzigo wenyewe. Kila katoni ina yake na kila kikapu kina yake, na zote zinatakiwa zisomwe na mashine bila kufunikwa na kitu. Tulikesha tukizibandika. Tulipima kila katoni isizidi paundi 50, kama kilo 22 na nusu hivi, kwa sababu ndiyo sheria ya ghala. Halafu mtu anakuja kuzungushia selotepu kama anafunga gunia la mkaa.

Mtaniuliza kwa nini hatukupeleka kwa ndege. Kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia, ni chepesi lakini kinakula nafasi, na ndege inakuchaji kwa ujazo. Hata ukivipachika kimoja ndani ya kingine, nauli inameza faida yote.

Sasa sikieni. Meli ilipotia nanga Marekani, wakala akatuma dole gumba: "Mzigo umefika." Umefika wapi? Bandarini! Kutoka pale gatini hadi ghalani kuna forodha, kuna kufungua kontena na kutenganisha mizigo ya watu, kuna kupanga kwenye paleti, halafu lori linaomba miadi ya kushusha. Lisilo na miadi linarudishwa getini. Kila hatua ina foleni yake, na kuelekea sikukuu foleni inarefuka kwa sababu dunia nzima inapeleka mzigo kulekule. Mtu anayejitangaza kuwa anapeleka mizigo kwenye maghala ya masoko ya mtandaoni hawezi kuniambia kwamba hayo hayajui.

Lililoniuma kuliko yote ni hati ya mzigo. Sehemu ya mwagizaji, yaani anayeingiza mzigo nchini na kuwajibika forodhani, ameandika Amazon. Amazon wanasema wazi kwenye masharti yao kwamba hawawi waagizaji wa mzigo wa muuzaji yeyote. Muuzaji anatafuta mwagizaji wake mwenyewe, na dhamana ya forodha iwepo. Jina la mwagizaji wetu tulimpa kwa barua pepe, ninayo mpaka leo. Hakuisoma. Forodha wakauzuia mzigo hadi hati irekebishwe, gharama za kukaa bandarini zikawa zinapanda kila kukicha, na ankara akaileta kwetu. Kwetu!

Anajitetea na Bahari ya Shamu. Ni kweli, mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zikarefuka. Lakini hilo lilijulikana kabla hatujamkabidhi hata katoni moja. Mbona hakulihesabu alipotuambia mtawahi? Na selotepu nayo imetoka Bahari ya Shamu?

Ninachotaka kwa hawa mawakala ni kimoja: waandike kwenye mkataba tarehe ya kupokelewa GHALANI, siyo ya meli kufika, na wakiivuka kwa uzembe wao walipe. Tarehe ya meli hainisaidii kitu. Kule mzigo haununuliwi ukiwa bandarini.

Akina mama wananipigia simu kila jioni. Januari hii kuna sare, kuna madaftari, na hela yao imekwama kwenye vikapu ambavyo sasa vitauzwa kwa bei ya kutupa ili tusiendelee kulipia hifadhi ghalani. Nawaambia nini?

Ankara ya bandari hatulipi. Nimemjibu hivyo Jumatatu, kanyamaza. Kama kuna mwanasheria hapa anayejua kesi za mizigo na yuko Iringa au Mbeya, aje inbox, nyaraka zote ninazo. Na aliyewahi kupata wakala anayeandika tarehe ya ghalani kwenye mkataba, aniwekee hapa hicho kipengele kilivyoandikwa. Kuna mzigo mwingine wa kutoka mwezi wa nne.