Hivi bima ya afya inamponya mtu kweli au inaponya mfuko tu?

Mwana_Rungwe
Wadau habari za jioni, huku Mbeya baridi ya mwezi wa saba inatutoa machozi. Nina swali linanisumbua. Mama yangu yuko kijijini juu ya Tukuyu, ana presha mwaka wa sita huu. Mwaka juzi tukamkatia ile CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), 30,000 kaya ya watu sita mwaka mzima, maana kabla ya hapo kila akizidiwa ni kuchangishana kwenye grupu la ukoo, na mnajua magrupu ya ukoo, wanaojibu ni walewale watatu. Kwa upande wa hela tumepumua, sikatai. Ila juzi kapimwa 178 kwa 104. Kabla ya kadi ilikua 180 na kitu. Sasa tangu bunge lipitishe sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023 kila mtu anaimba bima, bima. Kuna mahali wamewahi kupima wakaona mwenye kadi anakua mzima kuliko asiye nayo?

Kamwene_Ipogolo
Ugonile mwana Rungwe. Huku kwetu Iringa mi nishachoka. Nilienda na mtoto mahali, sipataji jina, kadi mkononi, tukakaa benchi toka saa mbili, daktari kaandika dawa tatu, kufika dirishani "hii ipo, hizi mbili kanunue nje". Nje ni famasi ya hapohapo getini. Sasa hiyo ni bima gani, nimelipa ya mwaka na bado natoa 14,000 mfukoni. Kadi haimezwi na maji jamani.

Msomi_wa_Soweto
Swali lako lilishapimwa, na majibu yake yana utata. Marekani jimbo la Oregon mwaka 2008 walikua na nafasi kama 10,000 za bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, waliojiandikisha karibu 90,000, wakaamua kuchezesha bahati nasibu. Kwa watafiti ilikua zawadi, maana waliopata na waliokosa ni watu wa aina moja, kilichowatenga ni bahati tu. Baada ya miaka kama miwili wakawapima, matokeo yakatoka 2013: presha, lehemu (mafuta kwenye damu), sukari, hamna tofauti ya kujivunia. Ila sonona ilipungua kwa kama 30% na yale madeni makubwa ya matibabu yanayofilisi familia yakaisha karibu yote. Na kwenda hospitali walienda sana, mpaka safari za idara ya dharura ziliongezeka kwa 40%, wakati wengi walidhani ukimpa mtu bima ataacha kukimbilia huko.

Kwahiyo mama yako na watu wa Oregon lao moja 😄 mfuko umepona, roho imetulia, mashine ya presha haijasikia.

Kamwene_Ipogolo
Si ndo nilichosema mimi

Dirisha_la_Dawa
Hapana, msikimbilie hapo. Mi natoa dawa, kazi yangu ni dirishani (na ndugu wa Ipogolo pole, ila ukija kwangu saa tano nimebakiwa na kopo moja la amlodipini, dawa ya presha, na foleni ya watu 60 usinitukane mimi, stoo ndo haina).

Oregon waliopata kadi walikua watu wa kila aina, wengi hawana presha wala sukari, sasa utaona nini kwa miaka miwili? Ni kama uweke mbolea shamba zima halafu upime mistari miwili. Walichokiona wazi ni kwamba watu waliogundulika kuwa na sukari waliongezeka na wanaotumia dawa zake wakaongezeka. Kifo nacho kina hesabu yake. Mwaka 2017 mamlaka ya kodi ya Marekani iliandikia barua watu waliokua wamelipa faini ya kutokua na bima, ikawakumbusha wakate. Barua hazikutosha, kati ya kaya milioni 4.5 zikafika milioni 3.9, hizo nyingine zikakosa bila mpango, yaani bahati nasibu nyingine. Waliopata barua wakakata bima zaidi, na kwa wenye miaka 45 mpaka 64, kila watu 1,648 walioandikiwa barua aliokoka mtu mmoja ndani ya miaka miwili. Mtu mmoja unaona kidogo, ila ni barua tu ile, sio hospitali mpya.

Sasa Mwana Rungwe, nikuulize kama ningemuuliza mama mwenyewe: dawa anapewa? Na akipewa anameza kila siku au siku kichwa kikigonga? Maana wazee wetu wanameza wakisikia presha, na presha haisikiki. Kahesabu vidonge, usimuulize kwa mdomo, atakwambia "nameza mwanangu".

Mkulima_Isyonje
Mi sijui hizo Oregon. Najua mke wangu alipojifungua kwa kisu uzao wa kwanza niliuza ng'ombe, uzao wa pili tukiwa na kadi ng'ombe kabaki na maziwa mtoto kanywa. Kama hiyo sio afya basi.

Mwana_Rungwe
Wakuu nimerudi, samahani nilikua njiani. Jumamosi nimepanda nikamkuta mama anapepeta maharage. Nikamwambia mama nionyeshe dawa, akasema nameza mwanangu (Dirisha wewe ni mganga). Nikaingia ndani. Juu ya kabati kuna kopo la Blue Band, limejaa. Nimemwaga kitandani nikahesabu vidonge 83, vingine bado kwenye vile vibahasha vya kaki vimeandikwa 1x1. Nikauliza hivi ni vya nini, akasema ni akiba, siku mkishindwa kulipia kadi nisije nikawahangaisha tena.

Nimekaa pale kitandani muda. Dirisha, hivi vya mwezi wa pili bado vinafaa au nivitupe?